Barua ya wazi kwa wakuu wa hospitali: mpira wa kupumulia unapokataa kuingia

Waheshimiwa wakurugenzi wa hospitali, waganga wafawidhi, wakuu wa idara za upasuaji, na ninyi mnaosaini maombi ya vifaa,

Tunawaandikia sisi tunaolaza wagonjwa usingizi pamoja na wauguzi wanaotusaidia. Barua hii inamhusu mgonjwa mmoja tu: mtu mzima aliyekaguliwa, akaonekana hana tatizo lolote, akapewa dawa ya usingizi na ya kulegeza misuli, akaacha kupumua kama ilivyopangwa, kisha mpira wa kupumulia ukakataa kuingia. Watoto wadogo wana utaratibu wao, nao unahitaji barua yake.

Baada ya tukio la namna hii swali la kwanza huwa lile lile: kwani hakuchunguzwa? Alichunguzwa. Aliambiwa afungue kinywa, ikatazamwa kama kaakaa na kimeo vinaonekana, kama daktari Mallampati alivyoeleza mwaka 1985. Umbali wa kidevu na kikoromeo ulipimwa, shingo ikakunjwa na kunyooshwa, meno yakaangaliwa. Vipimo hivi vina kazi yake, na anayeviruka amekosea. Lakini havioni nyuma ya ulimi. Findo zilizo kwenye shina la ulimi zinaweza kuwa zimekua kimyakimya bila mwenyewe kujua, au zoloto, yaani kisanduku cha sauti, likawa limekaa mbele mno, na hakuna atakayeliona hilo mpaka laringoskopu, chombo chenye bleidi na taa cha kutazamia koo, iingie mdomoni. Watafiti wa Denmark walipitia kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 188,000, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2015: kati ya wagonjwa 3,391 waliokuwa wagumu kuwekewa mpira, asilimia 93 hawakuwa wametabiriwa. Yaani ugumu usiotarajiwa ndio ugumu wa kawaida. Kwa hiyo hospitali inayoweka vifaa vya dharura tayari kwa ajili ya wale tu walioandikwa "mgumu" kwenye faili imejiandaa kwa wagonjwa 7 katika kila 100 ambao watasumbua. Hao wengine 93 watakuta kabati limefungwa na ufunguo uko kwa mtu mwingine.

Tuanze na muda, kwa sababu kila tunachoomba humu kinatokana nao. Mapafu ya mtu mzima aliyelala chali, akishatoa pumzi ya kawaida, hubaki na hewa ya lita mbili hadi mbili na nusu. Mwili hutumia takriban mililita 250 za oksijeni kila dakika. Akilazwa usingizi huku amevuta hewa ya kawaida tu, oksijeni iliyobaki kifuani ni ya dakika moja na ushei. Akivutishwa kwanza oksijeni safi kwa dakika 3, kwa barakoa iliyoubana uso vizuri, akiba hiyo hupanda hadi kama dakika 8 ikiwa ana afya njema. Mtu mnene sana, hata akivutishwa vizuri, huenda asifike dakika 3. Mjamzito mapafu yake yamesukumwa juu na tumbo huku matumizi yake ya oksijeni yakiwa yamepanda, naye huishiwa haraka vilevile.

Barakoa ikivuja kidogo shavuni, akiba hiyo haijai. Njia ya kujua kama imejaa ni kupima oksijeni katika pumzi anayotoa mgonjwa: ikifika asilimia 90 au karibu na hapo, kazi imekamilika. Kipimo cha kidoleni hakitoi jibu hilo, maana kinaweza kusoma 99 wakati mapafu bado yamejaa naitrojeni. Tena kipimo hicho huchelewa. Kinaposhuka hadi 90, damu iliyo njiani kwenda kwenye ubongo imekwisha kushuka zaidi, na kutoka hapo mteremko ni mkali. Ndiyo maana tunaomba mashine za usingizi zenye kupima gesi za pumzi, na meza za upasuaji ambazo kichwa chake kinainuka kweli, nyuzi 20 hadi 30, kwa sababu kuinua kifua peke yake kunaongeza muda. Tunaomba pia mita ya pili ya oksijeni ukutani katika kila chumba. Ombi hili la mwisho huonekana dogo na hukatwa kila mwaka. Mita ya pili ndiyo inayolisha mirija ya puani kwa lita 15 kwa dakika wakati barakoa imeondolewa na mtoa usingizi anatafuta njia, na oksijeni hiyo huendelea kuteremka hadi mapafuni ingawa mgonjwa hapumui. Mita ikiwa moja, imeshachukuliwa na mashine.

Sasa tazameni jinsi mambo yanavyoharibika. Jaribio la kwanza halionyeshi nyuzi za sauti. Mtu anavuta kwa nguvu zaidi, anajaribu tena kwa mkao ule ule na kwa kifaa kile kile. Damu inaanza kutoka, tishu zinavimba. Jaribio la tatu ni gumu kuliko la kwanza kwa sababu ya lile la kwanza na la pili, na kufikia la tano hata barakoa ya uso, ambayo mwanzoni ilikuwa ikipitisha hewa vizuri, haipitishi tena. Mgonjwa aliyekuwa mgumu tu kuwekewa mpira anageuzwa, kwa mikono yetu wenyewe, kuwa mgonjwa asiyeweza kupata oksijeni kwa njia yoyote. Mwongozo wa Difficult Airway Society, chama cha Uingereza cha wataalamu wa njia ngumu za hewa, wa mwaka 2015 uliweka mpaka: majaribio 3, na la nne lifanywe na mwenzake mwenye uzoefu zaidi, basi. Kila jaribio libadilishe kitu: mkao wa kichwa, aina ya bleidi, mkono wa nje unaosukuma zoloto, au matumizi ya buji.

Buji ni fimbo ndefu laini yenye ncha iliyopinda kidogo. Hupitishwa chini ya kidakatonge hata pale nyuzi za sauti zisipoonekana, kisha mpira huteleza juu yake. Mpira ukikwama hapo, mara nyingi ncha yake imeshika ukingo wa kulia wa mlango wa koo. Urudishwe kidogo, uzungushwe robo mzunguko kinyume cha saa, usukumwe tena, laringoskopu ikiwa bado mdomoni. Jambo hili dogo limenusuru majaribio mengi, na mwenye kulijua hupoteza sekunde tano badala ya dakika nzima. Laringoskopu ya video nayo iwe ndani ya chumba, yenye chaji, si katika ofisi ya mkuu wa idara. Ila mjue kwamba haimalizi kila kitu: bleidi yenye mpindo mkali hukuonyesha zoloto vizuri kabisa huku mpira ukigonga pembeni na kukataa kugeuka, isipokuwa umetiwa waya wa ndani uliopindwa kufuata bleidi. Hospitali inayonunua skrini bila kununua waya hizo imenunua nusu ya kifaa.

Majaribio yakiisha, hatua inayofuata ni barakoa ya koo, ile inayokaa juu ya mlango wa koo la hewa bila kuingia ndani. Archie Brain aliibuni mwaka 1981, na imeokoa watu wengi kuliko tunavyoweza kuhesabu. Saizi 3, 4 na 5 ziwepo, za kizazi cha pili, zenye tundu la kupitishia mrija wa tumbo. Ikikaa vizuri na kifua kikapanda, timu inatakiwa isimame na ifikiri: kumwamsha mgonjwa, kupitisha mpira kupitia barakoa hiyo kwa kamera nyembamba, au kuendelea na upasuaji kama ni wa lazima kabisa.

Kwa upasuaji usio wa dharura, kumwamsha ndilo jibu salama mara nyingi. Hapa ninyi wakuu mna nafasi kubwa kuliko mnavyodhani. Mtoa usingizi akijua kwamba kesho ataitwa kujieleza kwa nini orodha ya upasuaji ilikatika, atajaribu mara moja zaidi, na hilo jaribio moja zaidi ndilo linalofunga koo. Andikeni waziwazi kwamba upasuaji ulioahirishwa kwa sababu ya njia ya hewa hauhesabiwi kuwa kushindwa kwa mtu yeyote.

Msitegemee kwamba dawa itamrudishia mgonjwa pumzi zake kwa wakati. Saksamethoniamu, dawa ya kulegeza misuli, husifiwa kwa kuisha haraka, lakini kwa watu wengi oksijeni huisha kabla yake. Rokuroniamu, nayo ya kulegeza misuli, ikitolewa kwa kipimo kikubwa cha miligramu 1.2 kwa kilo, nguvu yake inaweza kuondolewa na dawa ya sugamadeksi, miligramu 16 kwa kilo. Fanyeni hesabu: mgonjwa wa kilo 70 anahitaji miligramu 1,120. Chupa za kawaida zina miligramu 200 kila moja, kwa hiyo ni chupa 6 zinazofunguliwa na kuvutwa kwenye sindano wakati mgonjwa anageuka bluu. Stoo yenye chupa 2 haina dawa ya kumwokoa. Na hata zikiwepo zote, koo lililovimba litabaki limevimba.

Mpira umeshindikana, barakoa ya koo imeshindikana, barakoa ya uso imeshindikana hata ikishikwa kwa mikono miwili huku mtu wa pili akibana mfuko. Dawa ya kulegeza misuli iwe imetosha, maana misuli iliyokaza yenyewe huziba njia. Ikiwa hata hapo hewa haiingii, imebaki njia moja, nayo ni kupitia mbele ya shingo, papo hapo, bila kusubiri mapigo ya moyo yashuke.

Tunaieleza kwa kirefu kwa sababu hapa ndipo watu hufa wakiwa wamezungukwa na wataalamu. Kichwa kinalazwa nyuma, kitu kinawekwa chini ya mabega. Mkono wa kushoto unalishika zoloto pande zote mbili na kulituliza, kidole cha shahada kikitafuta shimo dogo lililo chini ya kikoromeo, kati ya gegedu la thairoidi na gegedu la krikoidi. Huo ndio utando wa krikothiroidi. Kisu namba 10 kinachomwa hapo kwa upana, makali yakimwelekea mkataji, hadi kipite utando. Kinageuzwa robo mzunguko, makali yaelekee miguuni mwa mgonjwa, na hakitolewi. Kinavutwa kidogo kuelekea kwa mkataji kikiwa kimesimama wima ili tundu lifunguke, na ncha ya buji inateleza ubavuni mwa bleidi hadi ndani ya koo la hewa, sentimita 10 hadi 15. Kisu kinatoka. Mpira wa namba 6.0 wenye puto, uliopakwa jeli, unateremshwa juu ya buji huku ukizungushwa. Buji inatoka, puto linajazwa, mgonjwa anapewa oksijeni, na kapnografu, kipimo cha hewa ya ukaa anayotoa, inathibitisha. Kama shingo ni nene na vidole havioni kitu, anakatwa kwanza wima katikati ya shingo, sentimita 8 hadi 10, nyama inatenganishwa kwa vidole mpaka zoloto lishikike, kisha yanafuata yale yale. Damu itatoka. Isimzuie mtu.

Kwa nini tusitumie sindano nene, ambayo inaogopesha kidogo? Uchunguzi mkubwa wa Uingereza kuhusu madhara ya njia ya hewa, uitwao NAP4, uliotolewa mwaka 2011, ulikuta kwamba njia ya sindano ilishindwa katika takriban asilimia 60 ya matukio. Mrija mwembamba hukunjika, hutoka nje, na huhitaji chanzo cha oksijeni chenye shinikizo kubwa ambacho hakipo chumbani. Kisu, buji na mpira wa namba 6 havihitaji mashine yoyote. Vitu hivi vitatu ni miongoni mwa vitu vya bei ya chini kabisa hospitalini, na mara nyingi vyote vipo, ila kisu kiko kwenye trei ya mpasuaji, buji iko stoo, mpira wa namba 6 uko wodi ya uzazi. Viwekwe pamoja, katika pakiti moja inayoonekana kwa nje, kwenye kila mashine ya usingizi, si moja kwa jengo zima. Mahali pa kukata pakiwa na shaka, hasa kwa wanawake na wanene ambao vidole hukosea sana kwao, patafutwe na pawekwe alama ya kalamu kabla ya dawa kutolewa.

Tumeitaja kapnografu, na juu yake hatuna lugha ya kubembeleza. Kifaa hiki huchora wimbi la hewa ya ukaa inayotoka mapafuni. Mpira ukiwa umeingia kwenye umio badala ya koo la hewa, hakuna wimbi la kudumu. Sauti ya kifuani hudanganya, ukungu ndani ya mpira hudanganya, hata macho yanayoapa kwamba yaliuona ukipita hudanganya. Miongozo ya kimataifa inataka wimbi linaloinuka na kushuka kwa pumzi 7 angalau, lenye kimo cha milimita 7.5 za zebaki au zaidi. Lisipokuwepo, mpira uhesabiwe kuwa uko pabaya na utolewe, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo mara moja. Msikubali maelezo kwamba "moyo umesimama ndiyo maana hakuna wimbi": kifua kikibanwa vizuri, wimbi dogo huonekana. Ripoti ya NAP4 ilionyesha kuwa kati ya vifo vya njia ya hewa katika vyumba vya wagonjwa mahututi, zaidi ya asilimia 70 vilichangiwa na kutotumiwa kwa kapnografu. Ripoti hiyo hiyo ilikuta kwamba angalau tukio moja kati ya manne lilitokea wodi ya mahututi au chumba cha dharura, na kwamba kati ya yale yaliyotokana na usingizi wa upasuaji, karibu theluthi yalitokea wakati wa kuamka au chumba cha kupumzikia. Kwa hiyo kapnografu iende popote mpira unapowekwa, na popote mgonjwa mwenye mpira anaposukumwa, hata kwenye lifti.

Toroli la njia ngumu liwe moja kwa mpangilio, katika kila sehemu. Droo ya juu: laringoskopu mbili zenye betri zilizojaribiwa asubuhi hiyo, bleidi, buji, mipira kuanzia 6.0 hadi 8.0. Droo ya pili barakoa za koo. Ya tatu barakoa za uso za saizi zote na vile vifaa vya plastiki vya Guedel vya kuinua ulimi. Ya mwisho pakiti ya shingo. Mpangilio ufuate hatua, ili anayefungua droo inayofuata awe amekwisha kuambiwa na toroli lenyewe kwamba hatua imebadilika. Lisigeuzwe ghala, vifaa kumi vya aina kumi humchanganya mtu kuliko kumsaidia. Liwe na orodha ya ukaguzi wa kila siku yenye jina la aliyekagua, na hakuna kufuli.

Mwaka 2005 huko Uingereza, Elaine Bromiley alilazwa usingizi kwa upasuaji wa kawaida wa pua, na hali hii ikamkuta. Madaktari wenye uzoefu waliendelea kujaribu kuweka mpira kwa zaidi ya dakika 20. Vifaa vya kufungulia shingo vililetwa na muuguzi, havikutumika. Aliaga dunia siku 13 baadaye. Mume wake, Martin, rubani, hakutafuta wa kumfunga jela. Aliuliza kwa nini waliojua la kufanya hawakusikika, akaanzisha Clinical Human Factors Group, kundi linaloshughulikia namna watu wanavyofanya kazi pamoja hospitalini, mwaka 2007. Ukosefu wa ujuzi haukuwa tatizo la chumba kile. Akili ikibanwa na hofu huona kitu kimoja tu, na saa hupotea. Ndiyo maana tunataka awepo mtu ambaye kazi yake ni kuhesabu kwa sauti: "Dakika tatu, majaribio mawili." Na tunataka sentensi moja ambayo muuguzi, msaidizi au mwanafunzi ana ruhusa ya kuitamka bila kuomba samahani: "Mpira umeshindikana, barakoa imeshindikana, oksijeni haiingii. Tunafungua shingo." Sentensi hiyo ibandikwe ukutani, iwe na saini ya mkurugenzi chini yake, ili anayeitamka mbele ya bingwa ajue nani amesimama nyuma yake.

Mazoezi yawe ndani ya saa za kazi. Sehemu ya shingo inaweza kufundishwa kwa koo la mnyama kutoka machinjioni au kwa bomba la plastiki lililofunikwa kwa mpira mwembamba. Mtu akate mara tano kila baada ya miezi michache, akiwa na kisu, buji na mpira vile vile vilivyo kwenye pakiti. Timu nzima ifanye pamoja, mpasuaji akiwemo, kwani siku ile naye atakuwa hapo.

Baada ya tukio, mgonjwa aliyepona apewe barua mkononi: kilichokuwa kigumu, kilichofaulu, saizi ya vifaa vilivyotumika, tahadhari kwa atakayemlaza usingizi siku nyingine. Nakala iwekwe kwenye faili mahali panapoonekana.

Kabla hamjatujibu, tunawaomba jambo moja lisilohitaji kikao. Ingieni katika chumba chochote cha upasuaji hospitalini mwenu, usiku, bila kutoa taarifa. Mwambieni aliye zamu awape kisu namba 10, buji na mpira wa namba 6 wenye puto. Angalieni saa. Kama havijafika mkononi ndani ya sekunde 60, tuandikieni ni sekunde ngapi, nasi tutakuja na orodha ya vinavyohitajika kwa chumba hicho.

Wenu katika kazi,
Wataalamu wa usingizi na wauguzi wa vyumba vya upasuaji